Bata wa Kaskazi, Kulastara wa Kusi

Harufu hukupokea kabla ya ndege. Ukishuka kwenye gari kule Ruai, mashariki mwa Nairobi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya mwezi wa Januari, pua inakuambia mara moja kwamba hapa ndipo yanapokuja kupumzika maji ya vyoo, mabeseni na mifereji ya jiji zima. Mbele yako ni mabwawa yaliyopangwa kama viraka vya shuka, kila moja na rangi yake, na kati yake tuta la kupitia. Huingii bila ruhusa. Watazamaji wa ndege hupaita mahali hapa Dandora, nao hulitaja jina hilo kwa upole, kama mtu anayetaja kijiji cha bibi yake. Wataalamu wameyaweka mabwawa haya katika orodha ya Kenya ya maeneo muhimu kwa ndege, orodha hiyohiyo yenye maziwa na misitu ambayo watalii hulipia fedha nyingi kuiona.

Aliyenileta hapa mara ya kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Wote tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa na darubini ya zamani iliyofungwa kamba ya kiatu, daftari la mraba, na subira ya mvuvi wa mshipi. Mimi nilikuwa na darubini mpya na haraka.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo nataka kuona bata adimu."

"Marahaba. Kukuziwa wako wangapi?"

"Kukuziwa gani?"

"Hao weusi wenye paji jeupe, hapo mbele yako."

"Lakini Mwalimu, mimi nimefuata wale adimu."

"Nimekusikia. Wako wangapi?"

Nikahesabu. Nikapata 143. Akaniambia nirudie, nikapata 161. Sikuwa nimekosea kuhesabu. Kukuziwa huzama kutafuta majani chini ya maji, na wale waliokuwa chini mara ya kwanza walikuwa wameibuka. Mwalimu akaandika 161, kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Sasa umewatazama wote mmoja mmoja," alisema. "Yupo asiyekuwa kukuziwa?"

Alikuwepo. Pembeni mwa kundi, ameketi chini sana majini kama mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi, alikuwa bata dume mwenye mwili wa rangi ya matofali, kichwa cheusi na mdomo wa buluu, buluu ya kweli, kama umepakwa rangi ya mlango. Alikuwa bata maccoa. Nilikuwa nimempitia mara mbili nikihangaika kumtafuta.

Sisi wa huku hatuna majira ya baridi kama wanavyoyajua watu wa theluji. Tuna kaskazi na kusi, vuli na masika, na kipupwe ambacho mtu wa Mombasa hukiita baridi na mtu wa Limuru hukicheka. Lakini baridi ya wenzetu hutufikia kwa mlango mwingine. Inapofika Novemba, maziwa ya Urusi na Siberia yanaanza kuganda. Wengi hudhani bata hukimbia ubaridi wenyewe, na sivyo: bata ana manyoya ambayo hata Mzungu huyatia ndani ya koti lake. Kinachomfukuza ni mfuniko wa barafu. Maji yakifungwa, mbegu, wadudu na konokono vyote viko chini ya kioo, naye hana nyundo. Basi huruka, na wengine wao hawasimami mpaka wamefika Bonde la Ufa, safari inayozidi kilomita 6,000.

Wazee wangu wa pwani waliijua kalenda hii bila kumtazama bata hata mmoja. Kaskazi ilipoanza kuvuma, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni, Uajemi na India yakiwa na tende, mazulia na samaki wa chumvi. Kusi ilipogeuka, yalirudi na boriti za mikoko. Bata nao wana msimu uleule. Hushuka pamoja na kaskazi na kuondoka kabla kusi haijashika nguvu, kati ya Machi na Aprili. Njia yao nayo hupita kwa jirani zetu wa siku nyingi. Mjini Muscat kuna mabwawa ya Al Ansab, nayo pia ni ya maji taka yaliyosafishwa, ambako ndege wasafiri hutua wakati wa baridi katikati ya nchi kavu kama mfupa. Mtu wa Muscat ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, na bado anazungumza Kiswahili jikoni, anaweza kumwona bata wa jamii ileile itakayotua kwetu wiki chache baadaye.

Elimu ya safari hizi ni changa kuliko tunavyodhani. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walijiuliza ndege wao huenda wapi baridi ikiingia. Wapo waliosema mbayuwayu hulala kwenye tope chini ya maziwa. Na katika karne ya 17 Mwingereza mmoja msomi, Charles Morton, aliandika kwa dhati kabisa kwamba ndege huhamia mwezini. Jibu lilikuja mwaka 1822, likiwa shingoni mwa korongo. Ndege huyo alipigwa risasi karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, akakutwa amechomwa na mkuki wa mti wenye urefu wa sentimita 80 hivi, mkuki wa Kiafrika, uliopenya shingo na bado ukamwacha akiruka hadi nyumbani. Wakamkausha, na mpaka leo yuko kwenye Chuo Kikuu cha Rostock na mkuki wake. Kila nikimfikiria, namkumbuka zaidi yule mwindaji wetu asiyejulikana jina, aliyerusha mkuki akakosa kitoweo, na bila kujua akatuma barua Ulaya. Utaratibu wa kuwavisha ndege pete zenye namba ulisubiri mpaka 1899, mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alipoanza na kwenzi wa mjini kwake.

Turudi kwenye harufu, kwa sababu ndiyo siri ya mambo yote.

Mtu anayeanza hobi hii huota ziwa safi, maji ya kioo, milima nyuma. Aende akapige picha. Ziwa safi mara nyingi ni ziwa lenye njaa. Bata hali mandhari. Mabwawa ya maji taka hujengwa kwa mfululizo: la kwanza hupokea uchafu mzito, halina hewa, na hakuna kiumbe wa maana anayekaa humo, maji yakituama, mizigo huzama chini, vijidudu hufanya kazi yao, kisha maji husogea bwawa la pili, la tatu, na kuendelea, kila hatua yakizidi kupata jua na hewa. Ukifika mabwawa ya mwisho, mbolea iliyokuwa kinyesi imekuwa mwani, mwani umeliwa na viroboto maji, na kwenye tope la chini kuna mabuu mekundu ya visubi wasiouma, maelfu kwa maelfu. Ni karamu tupu. Hivyo usipoteze muda kwenye bwawa jeusi lililo karibu na lango. Tembea hadi mwisho, ambako maji ni ya kijani.

Huko Januari utamkuta bata mwenye mdomo mpana kama koleo, anayeogelea huku mdomo umezama nusu akichuja uso wa maji, na mara nyingi kumi au ishirini huzunguka pamoja wakitibua chakula. Waingereza humwita shoveler, na jina lake kwao limetokana na koleo hilohilo. Utamkuta pia bata mdogo anayeitwa garganey, msafiri ambaye Afrika ndiyo makao yake makubwa ya msimu huo. Vitabu humchora dume wake na mstari mweupe unaopinda juu ya jicho kama mwezi mchanga, na mwanafunzi humtafuta huyo wa kitabuni siku nzima asimwone. Sababu ni kwamba dume wa garganey hukaa na manyoya ya kazi, ya kahawia kama ya jike, muda mrefu wa msimu anaokuwa kwetu, na hujipamba kwa arusi anapokaribia kuondoka, Februari na Machi. Desemba, mtazame usoni tu: mistari ya giza na nyeupe imepangana, na doa jeupe karibu na mdomo.

Kando ya maji, panapokutana tope na unyevu, ni zamu ya vitwitwi. Hawa sitawaeleza hapa. Wana sura yao, na wamewafanya watu wazima wagombane.

Bata maccoa, yeye, si msafiri wa kaskazi. Ni mwenyeji wa Afrika, upande wetu na kusini, na idadi yake imepungua kiasi kwamba amewekwa miongoni mwa ndege wanaotishiwa. Huzama kuchota chakula kwenye tope, na tope ndilo linaloweka sumu zote ambazo sisi tumemwaga. Utamwona Dandora, utamwona kwenye vijiziwa vya Momella chini ya Mlima Meru, na mara kwa mara kwenye mabwawa ya mashamba ambayo hakuna mtu amewahi kuyaandika popote. Nimemweka katika sura hii ya msimu wa baridi kwa sababu binamu zake wawili wana kisa kilichotokea kwenye mabwawa ya baridi ya Ulaya, kisa ambacho bado hakijaniingia vizuri tumboni.

Binamu wa kwanza ni bata mwekundu wa Marekani. Mwaka 1948 aliletwa Slimbridge, Uingereza, kwenye kituo cha ndege wa maji alichokianzisha Peter Scott. Baadhi ya vifaranga walitoroka, wakazaana kwenye mabwawa ya maji ya kunywa, na kufikia mwaka 2000 walikuwa karibu 6,000. Wengine wakavuka hadi Hispania, nyumbani kwa binamu wa pili, bata wa kichwa cheupe, ambaye mwaka 1977 alikuwa amebaki ndege 22 tu nchi nzima, akaponea chupuchupu kwa jitihada kubwa. Wale wageni wakaanza kuoana naye, na wataalamu wakahofu kwamba damu yake itamezwa. Kuanzia mwaka 2005 Uingereza ikaamua kuwaua wote. Wangewapata wapi ndege 6,000 waliotawanyika? Wakati wa baridi walikusanyika wenyewe kwenye mabwawa machache makubwa, na watazamaji waliokuwa wakiwahesabu kwa furaha miaka yote walijua hasa ni yapi. Wapo waliokataa kutoa hesabu zao tena. Nawaelewa, ingawa nadhani walikosea. Bata yule hakuomba kuletwa, lakini yule wa Hispania hakuwa na pengine pa kwenda.

Sasa niungame. Msimu wangu wa tatu, nikiwa peke yangu kwenye bwawa la shamba moja upande wa Kinangop, nilimwona bata wa kahawia iliyoiva, jua la asubuhi likimpiga kwa ubavu, na chini ya mkia pameng'aa weupe. Nikajua mara moja: bata-kutu, yule ambaye vitabu vinamwita ferruginous, msafiri wa nadra sana kwetu. Moyo ulinidunda. Nikampigia Mwalimu simu, nikawapigia na wengine watatu, nao wakaacha kazi zao. Wakati wanafika, saa nne kasoro, yule bata alikuwa bado amelala, mdomo ameuchimbia mgongoni. Tukakaa kwenye nyasi. Mwalimu hakusema neno. Yule bata alipoamka akageuza uso, na kila mtu akaona mchirizi mweupe ukitoka nyuma ya jicho na kushuka shingoni. Jike wa bata mweusi wa kusini. Ndege wa kawaida kabisa, tena alikuwa na wenzake kumi na wawili mita hamsini kutoka pale, ambao sikuwa nimejisumbua kuwatazama.

Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo liliniuma. Mwalimu alitoa daftari, akaandika "bata mweusi wa kusini, 13", akanipa embe.

Tangu siku ile nina taratibu zangu. Nafika kabla ya jua, nakaa upande wa mashariki wa maji ili jua likichomoza liwe mgongoni mwangu na usoni mwa bata. Sipandi juu ya ukuta wa bwawa, kwa sababu mtu aliyesimama juu ya ukuta, mbingu nyuma yake, kwa bata ni mwindaji. Naanza na macho matupu, kisha darubini ya mkono, na ile ya miguu mitatu naitoa mwisho, baada ya kujua kundi limekaaje. Bata aliyelala simpi jina. Namngoja. Na nikimwona ndege ninayetamani sana awe adimu, najilazimisha kwanza kuandika sababu tatu za kwa nini huenda si yeye.

Kila Januari, kazi hii ya mtu mmoja na embe lake huwa ya dunia nzima. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji ilianza mwaka 1967, na ule mkono wake wa Afrika ukaanza mwaka 1991. Januari ilichaguliwa kwa busara: wakati huo wasafiri wengi wametulia walikokwenda, hawako angani, kwa hiyo bata mmoja hahesabiwi Misri leo na Kenya kesho. Nchini Kenya hesabu huendeshwa na Makumbusho ya Taifa na wenzao wa uhifadhi, na wahesabuji wengi ni watu wa kujitolea: wanafunzi, waongoza watalii, akina mama wa vikundi, wastaafu. Ziwa hugawanywa vipande, kila kundi hupewa kipande chake, na wote huanza asubuhi kwa pamoja ili ndege akiruka kutoka kwenu kwenda kwa jirani mjulishane. Mmoja anatazama, mmoja anaandika. Kundi la heroe elfu kumi halihesabiwi mmojammoja. Unahesabu mia, unaukariri kwa jicho ukubwa wake, halafu unaiweka juu ya kundi uone itaingia mara ngapi. Ukizoea, makosa yako huwa yaleyale kila mwaka, na mtaalamu wa takwimu anaweza kuyavumilia.

Nakuru ndipo nilipoona hesabu inavyoweza kusema jambo ambalo macho hayasemi. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakijaa. Njia tuliyokuwa tukipita imezama, miti ya migunga imesimama majini imekufa, na vipande vya zamani vya kuhesabia viko chini ya maji. Mtalii aliyekuja kuona ufuo wa waridi alirudi analalamika kwamba heroe wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha. Maji mengi yalikuwa yamepunguza makali ya magadi, ule mwani wanaoula ukapungua, nao wakahamia kwingine, Bogoria kwa mfano. Watu wa Bogoria walikuwa wakihesabu vilevile, na hesabu mbili zikiwekwa pamoja, hadithi ya kifo inageuka hadithi ya kuhama.

Mwalimu alikuwa na ada moja iliyonichosha sana mwanzoni. Alikuwa akiandika sifuri. Ukurasa wake ulikuwa na majina ya ndege yaliyochapwa tangu zamani, na mwisho wa asubuhi kila jina lazima lipate namba, hata kama namba yenyewe ni 0. Niliona ni ukarani tu. Nilikuja kuelewa nilipokisoma kisa cha sululu mwenye mdomo mwembamba.

Huyu alikuwa ndege wa kahawia, mdomo umepinda, aliyezaliana Siberia na kupitisha baridi kuzunguka bahari ya Mediterania. Mara ya mwisho kuonekana bila shaka yoyote ilikuwa Februari 1995, kwenye wangwa wa Merja Zerga, pwani ya Moroko. Baada ya hapo watu walimtafuta nchi baada ya nchi, baridi baada ya baridi. Mwaka 2025 ndipo IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ulipomtangaza kuwa ametoweka. Miaka thelathini. Nani alithibitisha kwamba hayupo? Hakuna mtu anayeweza kuona kutokuwepo. Ni zile sifuri, maelfu ya sifuri zilizoandikwa na watu waliosimama kwenye tope na baridi, wakarudi nyumbani bila chochote na bado wakajaza fomu.

Na sasa kusi, maana sura hii nimeiahidi pepo mbili.

Sisi hufikiri baridi ina upande mmoja. Lakini Julai, Nairobi inapovaa sweta na mawingu yakakaa chini wiki nzima, ni majira ya baridi ya kusini mwa dunia, na upande huo nao una wageni wake. Mmoja hutoka Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, jina ambalo bado linaogelea kwenye maji yetu ndani ya neno batabukini. Kulastara wa Bukini huja Afrika Mashariki kati ya Mei na Oktoba, amevaa manyoya ya kahawia yenye michirizi mizito, na hufanana mno na kulastara mdogo wa kawaida tunayemwona mwaka mzima. Tofauti ni mdomo ulionenepa kidogo na michirizi iliyo mizito zaidi. Huko kwao, wakati wa kuzaliana, huwa mweupe pe na mdomo wa buluu, lakini sisi hatumwoni akiwa harusini. Sisi tunamwona amevaa nguo za safari. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Hupenda kusimama peke yake kwenye ukingo wa kibwawa chenye kivuli, na nimekwisha kutumia vipupwe vinne kumsaka kwenye vibwawa vya Nairobi na Machakos.

Bukini yenyewe ni darasa la mabwawa na maziwa, na si la kufurahisha. Ziwa Alaotra, kubwa kuliko yote kisiwani, lilikuwa na kibisi wake wa pekee. Watu wakaleta samaki wa kigeni, wakatega nyavu za nailoni, mabwawa ya matete yakawa mashamba ya mpunga, na kibisi wachache waliobaki wakaoana na kibisi wa kawaida. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa miaka ya 1980. Mwaka 2010 akatangazwa ametoweka. Ziwa hilohilo lilikuwa makao ya bata wa Bukini, mwenye jicho jeupe, ndugu wa karibu wa bata-kutu niliyejidanganya kumwona. Dume mmoja alinaswa mwaka 1991, akafugwa Antananarivo, akafa. Kwa miaka 15 hesabu yake ilikuwa sifuri, na watu walikuwa wameanza kumwandika katika wakati uliopita.

Halafu mwaka 2006 watafiti wa shirika la The Peregrine Fund walikuwa kaskazini mwa kisiwa wakimtafuta ndege mwingine kabisa, kipanga wa Bukini. Kwenye kijiziwa cha volkeno, mbali sana na Alaotra, wakaona bata tisa wenye macho meupe, na vifaranga wanne.

Ninachokipenda katika kisa hiki si muujiza wake. Ni kile kilichogunduliwa baadaye, kwamba vifaranga wengi wa pale walikuwa wakifa njaa katika wiki za kwanza. Lile lilikuwa ziwa zuri, la kina kirefu, safi, lililofichwa na msitu. Ndilo lililowaficha wasiuawe, na ndilo lililowanyima chakula. Wahifadhi wakachukua mayai, wakalea bata kwa mikono, na Desemba 2018 wakaachilia 21 kwenye Ziwa Sofia, ambalo lina kijiji, mitumbwi, ng'ombe na mashamba kandokando yake, na ambalo wanakijiji walikubali kulitunza. Nilipoisoma habari ile nilikumbuka harufu ya Ruai.

Mwalimu alifariki masika yaliyopita. Daftari zake tulizikuta kwenye sanduku la bati, zimefungwa kwa mwaka, na familia yake ilituruhusu kuzinakili. Mimi nimerithi ukurasa wake wenye majina. Julai hii nilienda kwenye kibwawa kimoja kusini mwa jiji, ukungu umelala juu ya maji, mkono hauwezi kushika kalamu vizuri. Niliandika hivi: kukuziwa 38, kibisi 11, batabukini 6, yangeyange 24, kulastara mdogo 3, bata maccoa 2, kulastara wa Bukini 0.

Kama unaishi karibu na bwawa lolote, la umeme, la shamba, la maji taka, la kunyweshea ng'ombe, huenda halijawahi kuhesabiwa hata siku moja. Hesabu ya kimataifa huwa katikati ya Januari. Walio Nairobi wanaweza kuanza na matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoondokea Makumbusho ya Taifa; darubini ukikosa, utaazimwa jicho la mwenzako. Nenda mapema, andika tarehe na saa, anza na kukuziwa. Wale wengine watajitokeza wakiwa wapo, na wasipokuwepo, usiiache nafasi yao wazi. Andika sifuri.